Mama Ingia Pole

Simu ile ilinikuta nasahihisha madaftari, saa nane mchana, katika chumba cha walimu chenye joto la mabati. Aliyepiga alikuwa mwanamke, akajitambulisha kuwa ni mwongozaji wa filamu, akasema amepewa namba yangu na mwenzake niliyewahi kumsaidia. Nilidhani najua anachotaka kabla hajamaliza kusalimia. Hapa Kampala watu wa sinema hunitafuta wanapotaka Kiswahili, na Kiswahili wanachokitaka ni kilekile siku zote: "Lala chini!" "Toa pesa!" "Nyamaza, nitakumaliza!"

Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka mingi kando ya ualimu, na ilikuwa imenichosha. Katika filamu zetu watu hupendana kwa Kiganda, huajiriwa kwa Kiingereza, na Kiswahili huingia pamoja na bunduki. Mwizi akivunja mlango, Kiswahili. Askari akisimamisha gari kizuizini, Kiswahili. Sikuwalaumu sana waandishi. Watu wa umri wangu wanazikumbuka siku za "panda gari", mtaa unazingirwa alfajiri na wanaume wanasukumwa ndani ya malori, na maneno waliyosukumwa nayo yalikuwa ya lugha hii.

Ila mimi nilizaliwa ndani yake. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Kisenyi, na jioni aliwasomesha watoto wa majirani Kurani barazani. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, asirudi. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombea chumvi na kubembelezea mtoto, na kilikuwa safi, maana baba hakukubali kingine. Ukitoka kucheza ukasema "mimi nakuja na kitabu yangu", alikurudisha hadi mlangoni, uingie upya ukiwa umesahihisha. Alituambia kwamba hicho ni Kiswahili cha kambini, cha watu waliofundishwa lugha kwa kupigiwa kelele. Sikuwahi kumuuliza kama watu hao nao walikuwa na watoto wa kubembeleza.

"Mwalimu, hii si ya wezi," alisema yule mwongozaji kwenye simu, kana kwamba amesikia nilivyovuta pumzi. "Hakuna risasi hata moja. Ni habari ya mke wa askari polisi. Mumewe anakufa, na yeye anaambiwa aondoke kwenye nyumba ya kambini. Basi. Na anazungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho."

Niliweka kalamu nyekundu chini. Nilimuuliza kwa nini Kiswahili. Akanieleza kwamba kambini watu wametoka kila pembe ya nchi na hiyo ndiyo lugha yao ya pamoja, na kwamba anatumaini filamu itafika Nairobi na Dar es Salaam.

"Kwa hiyo nataka kieleweke," alisema. "Wasitucheke."

Neno hilo la mwisho ndilo nililokwenda nalo nyumbani.

Alinitumia muswada, nikaupitia kwa majuma mawili, nikiuweka chini ya rundo la madaftari na kuutoa tena. Aliyeuandika alikuwa ameishi jirani na kambi, maana alikuwa ameyazoa maneno ya huko yalivyo: watoto yangu, bwana yangu, mimi hapana elewa, afande naniambia nini. Na karibu kila ukurasa, mama ingia pole. Neno hilo nilikuwa nalijua. Nani Kampala halijui? Ndivyo vinavyoitwa vile vijumba vya bati, chumba kimoja, ambavyo askari wa vyeo vya chini hupewa walale na familia zao. Nililikata kwa mstari mmoja mwekundu, nikaandika juu yake "kibanda cha bati". Pembeni nikaandika: Misimu. Mtazamaji wa nje hataelewa. Nilifanya hivyo mara ishirini na kitu, na kila mara mkono ulikuwa mwepesi zaidi.

Waigizaji walikutana kwa mara ya kwanza Kansanga, katika chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Baa ya upande wa pili wa barabara ilikuwa imeshaanza kujaribu spika zake, tukalazimika kufunga madirisha. Wengi walikuwa watu wa jukwaani, waliozoea. Aliyepewa nafasi ya mjane hakuwahi kuigiza hata siku moja. Mwongozaji alimkuta sokoni Ggaba akikaanga samaki, akamsikia anavyobishana na mchuuzi wa boti, akamfuata. Alikuwa mama wa miaka kama sitini, mrefu, mtu wa kaskazini, na maisha aliyotakiwa kuyaigiza alikuwa ameyapitia yeye mwenyewe. Mumewe alikuwa konstebo. Alipokufa, mama huyu alitolewa kambini na watoto wanne.

Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Alipofika kwenye marekebisho yangu akasimama.

"Kibanda hiki cha bati... Mwalimu, hapa nani nasema?"

"Ni wewe, mama. Mtu unayemwigiza."

"Mimi nasema kibanda?" Aliinua macho akatazama wenzake. "Kibanda ni ya kuuza nyanya. Ile nyumba jina yake ni mama ingia pole."

"Najua, mama. Lakini mtu wa Dar es Salaam hajui."

"Basi aulize."

Chumba kizima kilicheka, hata mwongozaji. Mimi nilicheka kwa midomo tu. Kisha mwongozaji akanitazama, nami nikatikisa kichwa kukataa, akasema, "Tufuate ya mwalimu." Yule mama hakubisha. Alirudisha kidole kwenye mstari.

"Ndiyo, mwalimu," alisema, kama wanavyoitikia kambini mkubwa akisema.

Kwa kuwa hakuwa mwigizaji, iliamuliwa nimfundishe mistari yake peke yake. Kwa majuma matatu, nikitoka shuleni nilikwenda Ggaba. Alikuwa na meza yake pembeni mwa soko, mahali boti zinaposhusha samaki, karai kubwa la mafuta juu ya sigiri ya mkaa, na kiti cha plastiki alichonipangusia kila mara kwa pindo la leso yake. Yeye alisimama akigeuza samaki wa ngege kwenye mafuta, mimi nilikaa na karatasi.

"Watoto wangu," ninasema.

"Watoto yangu."

"Wangu, mama. Wa-ngu."

"Wangu." Anageuza samaki. "Watoto wangu yote."

"Wote."

"Eh, mwalimu. Watoto ni wangu, na bado wewe nakataa."

Hakukasirika. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kupanga foleni. Wateja walikuja, akawahudumia kwa Kiganda, kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwao, kisha akarudi kwangu na kurudia mstari tangu mwanzo. Nami nilikuwa nimechoka. Nilifika pale nikiwa nimeshafundisha vipindi sita, miguu imevimba ndani ya viatu, na moshi wa mafuta ulinikaa kooni hadi asubuhi.

Siku moja mvua ilitufungia chini ya turubai, hakuna mteja. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe najua kwa nini inaitwa mama ingia pole?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelifuta mara ishirini na kitu bila kujiuliza.

"Ndani ni chumba moja," alisema. "Bwana narudi kutoka kazi ya usiku, nalala hapa, karibu na mlango. Watoto nalala chini, hapa, hapa na hapa. Katikati ni pazia. Sasa wewe mama natoka kuchota maji. Ukiingia haraka, nakanyaga mkono ya mtoto. Ukigonga bati, naamsha bwana, naamsha jirani, naamsha kambi yote. Kwa hiyo mtu ya ndani nasema polepole: mama, ingia pole." Mvua ilizidi kupiga turubai. "Mimi naingia pole miaka kumi na nane. Hata leo, nikienda kwa nyumba ya mtu, kubwa hivi, mimi naingia hivi."

Akanionyesha. Alitanguliza bega, akainamisha kichwa, mkono mmoja ukapapasa mbele yake kama gizani, ingawa ulikuwa mchana na hapakuwa na ukuta.

Hapo ningeweza kuichana ile karatasi. Nilichosema ni hiki: "Vizuri sana, mama. Sasa turudi ukurasa wa thelathini." Sitafuti kisingizio. Mtu aliyechoka hushika anachokijua, na mimi nilichokuwa nakijua ni ngeli.

Siku ya kupiga picha tulikwenda kwenye kiwanja kitupu kinacholitazama ziwa, kwa kuwa kambini hawakuruhusu kamera. Mafundi walikuwa wamejenga kijumba cha bati, kipya, kinang'aa. Mama alikizunguka mara moja, akasimama mbele ya mlango, akacheka.

"Hii ni ya meja," alisema. "Mlango yake ni mrefu. Mama ingia pole, ukisahau kuinama, nakupiga hapa." Akajigusa paji la uso.

Mwongozaji aliwaamuru mafundi papo hapo wakate mlango, waupunguze. Wakapaka mabati masizi na matope, wakatundika pazia mahali alipoonyesha, wakahamisha jiko mahali alipoonyesha. Kwa saa mbili kila mtu alimuuliza yeye. Kisha kamera ikawekwa tayari, nami nikaitwa nisimame kando na muswada, na kuanzia hapo waliulizwa wengine.

Ilikuwa tukio la kufukuzwa. Ofisa anakuja na karatasi, mjane anatoka mlangoni. Mstari wake ulikuwa huu: "Afande, watoto wangu hawana mahali pengine pa kwenda. Kibanda hiki ndicho kilichotuhifadhi." Aliusema bila kosa lolote. Kila kiambishi kilikaa mahali pake, na mama mwenyewe hakuwepo. Alikuwa kama mtoto anayekariri shairi mbele ya mgeni rasmi. Wakarudia. Fundi wa sauti akalalamikia injini ya boti, wakarudia. Wakarudia kwa ajili ya wingu, wakarudia kwa sababu mwongozaji alisema "bado" bila kujua bado nini. Kila mara mama alirudi ndani, akainama, akatoka, akafukuzwa upya.

Baada ya mara ya tisa tulipumzika. Mama alikaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji uliolazwa ubavuni. Mwigizaji aliyecheza ofisa, kijana wa watu, mcheshi, akamtania: "Mama, leo lazima utoke."

Mama hakumtazama. Alisema, bila kupandisha sauti:

"Afande, mimi natoka. Lakini uniambie, natoka naenda wapi? Hii mama ingia pole, bwana yangu nakufa ndani yake. Mimi naosha yeye hapa. Hapa penye wewe nasimama. Toa kiatu yako."

Hakuna aliyecheka. Mwigizaji alitazama chini, akainama, akafungua kamba za buti, akavua moja, akasimama nalo mkononi hajui aliweke wapi. Mpishi wetu aliacha kupakua. Nilisikia mwanamke wa mavazi, nyuma yangu, akivuta kamasi.

Mwongozaji alinijia taratibu. "Mwalimu," alisema, "tuchukue hivyo?"

Wote walinigeukia, na mama naye pia. Nami nilijibu kama mtu anayesahihisha daftari. Nilisema kwamba "nakufa" ni wakati uliopo, kwa hiyo mtazamaji atadhani mume bado yuko hai. Nilisema kwamba "naosha yeye" si Kiswahili. Nilisema, "Nairobi watatucheka." Nilisikia sauti yangu ikiwa shwari kabisa.

Mwongozaji alitazama jua, akatazama watu wake waliochoka kama mimi. "Haya," alisema. "Tufuate karatasi."

"Ndiyo, mwalimu," alisema mama. Akanyanyuka, akaingia ndani ya kijumba, akatoka mara mbili zaidi na mstari ule wa kibanda kilichotuhifadhi, na kazi ikafungwa.

Filamu ilionyeshwa miezi kadhaa baadaye, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kukodi pale Kansanga. Mama alikuwa amealika wanawake wenzake wa zamani wa kambini, kama ishirini hivi, wamevaa magauni ya gomesi na leso mpya, wakajaza viti vya nyuma. Mbele alikaa mgeni kutoka Nairobi, mtu wa kununua filamu. Mimi nilikaa safu moja na mama, viti viwili kati yetu.

Mwanzoni wale wanawake waliipenda. Mlango ulipoonekana, mmoja akasema, "Eee, ndiyo yenyewe!" Mjane alipotanguliza bega ili aingie, walipiga vigelegele. Kisha ofisa akaja na karatasi, ukumbi ukatulia, na mama akafungua mdomo.

Kicheko kilianzia nyuma, kidogo, kikasambaa. Hakikuwa na ubaya. Kilikuwa cha kushangaa, kama mtu anapomwona jirani yake amevaa joho la jaji. "Mama nasoma habari kwa redio!" mmoja akapaza sauti, na wakacheka zaidi. Nilikuwa nimeogopa kicheko cha Nairobi kwa miezi yote ile, na mtu wa Nairobi alikaa kimya kabisa. Nilimtazama mama. Naye alikuwa anacheka, mabega yakitikisika, kisha akaivuta leso akafunika mdomo na hakuiondoa tena mpaka taa zilipowashwa.

Wakati wa soda yule mgeni alinijia kunipongeza. "Kiswahili chenu kimenyooka sana," alisema. "Sikujua kwamba Kampala mnaongea hivi."

"Hatuongei hivi," nilisema.

Alidhani natania. Filamu aliichukua.

Sikulala vizuri siku zile. Juma lililofuata nilikwenda kwa mwongozaji, nikamwomba turudie sauti ya tukio lile tu, mama aseme maneno yake, tuyapandishe juu ya picha. Nadhani alitaka kunikumbusha nani alitikisa kichwa, lakini alikuwa mtu mwenye adabu. Alisema inawezekana, alasiri moja inatosha, ikiwa mama atakubali. Nikaenda Ggaba.

Nilimkuta akipara magamba. Alinipangusia kiti kama kawaida. Nilimweleza nilichotaka, kwamba atasema kama alivyosema siku ile akiwa amekaa kwenye mtungi, neno kwa neno, na jina la nyumba litakuwa lile lake.

"Ile siku mimi nasema," alijibu. "Wewe nasikia."

"Nilisikia, mama. Nilikosea."

"Hapana kosa. Wewe ni mwalimu, nafanya kazi yako." Alikwangua samaki hadi mkiani, akamgeuza. "Mwalimu, mimi nafukuzwa mara moja kwa ukweli. Kwa sinema nafukuzwa mara kumi na moja. Mimi nahesabu. Sasa wewe nataka niingie kwa chumba ya sauti, nifukuzwe tena, ili iwe nzuri?"

Nilisema pole.

"Mimi nachoka," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekutajia ni saa ngapi. Akaosha kisu, akaniuliza kama nataka samaki mkubwa au wa wastani.

Kwa hiyo filamu ilikwenda Nairobi ilivyo. Wenzangu shuleni waliiona kwenye simu zao wakanipongeza. Mkuu wa idara alisema ni mfano mzuri kwa wanafunzi, hasa upatanisho wa kisarufi. Niliitikia. Watu wa sinema bado wananipigia, na bado nakwenda, ingawa siku hizi nabeba penseli badala ya kalamu nyekundu, na kabla ya kukata neno namuuliza atakayelisema. Wengi hawajali. Wengine wananitazama kana kwamba nimezeeka.

Ggaba naenda pia, mara moja kwa juma. Tunaamkiana na mama, tunaulizana hali ya miguu, ananipangusia kiti. Lakini tangu siku ile haniongeleshi tena Kiswahili. Mara ya kwanza nilidhani amejisahau. Nilimjibu kwa Kiswahili, naye akaendelea kwa Kiganda, polepole, akitafuta maneno, akiyakosa, akiyazunguka. Wateja wakija anawageukia na kile Kiswahili chake chepesi, anacheka nao, kisha ananirudia na Kiganda. Kiganda hicho kina makosa mengi, na mimi Kiganda nakijua tangu utotoni. Simsahihishi. Nangoja mpaka afikie neno analolitafuta, hata likichelewa, kisha namjibu kwa Kiganda.